Kifini cha Dukani kwa Ajili ya Arobaini

Kwetu Tanga, binti akiwa na mimba ya kwanza hurudi kwao kujifungua, mama yake amkande kwa maji ya moto na kumpikia siku arobaini. Binti yangu asingeweza kurudi. Anaishi Ufini na mumewe, Mfini mpole aliyempata chuoni hapa Toronto. Basi nikaamua niende mimi. Kazi yangu ni kuogesha na kulisha wazee majumbani mwao, huku Scarborough. Mama za watu nimewakanda sana, nikaona sasa ni zamu ya damu yangu. Nikaomba likizo ya wiki sita.

Sikutaka kumwamsha mzazi kila nikihitaji kitunguu, kwa hiyo nikaanza kujifunza Kifini cha dukani kwenye simu, ndani ya basi. "Anteeksi, missä maito on?" Samahani, maziwa yako wapi? "Inkivääri" ni tangawizi. "Mustapippuri" ni pilipili manga, ya uji. Kichwa cha miaka sitini na moja ni kigumu, lakini mimi mbishi. Nilifanya mazoezi kwenye duka la jirani, kwenye zile mashine za kujilipia, ambako hakuna wa kukushangaa. Nikimaliza naiambia mashine "kiitos", asante. Siku nyingine, nje ya kazi, sikuzungumza na kingine chochote. Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita, binti akaondoka mwaka uliofuata, na majirani wa ghorofa yangu tunajuana kwa viatu vilivyo mlangoni.

Kila Jumapili binti alinisahihisha kwa simu. Kiswahili anakielewa chote, ila akijibu huchanganya na Kiingereza. Mara ya kwanza, nikijifanya niko dukani, nilianza na salamu: habari za asubuhi, umeamkaje, nyumbani hawajambo, ndipo nikaulizia maziwa. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama, no! Ukimuuliza keshia ameamkaje, atadhani unaumwa."

"Sasa nitamwombaje mtu maziwa kabla sijajua kaamkaje?"

"Unasema 'moi', yaani hi, that's it. Halafu unalipa."

Nikamuuliza kama hao ni watu au ni mashine kama za kwetu huku. Nilikuwa natania, lakini moyoni nilikasirika kidogo.

Mwezi mmoja kabla ya kujifungua akaniambia mumewe amepewa miezi kadhaa ya likizo ya uzazi. Wangependa kukaa wenyewe kwanza, wazoeane na mtoto. "Come in the summer, Mama. Uje upumzike, kama mgeni."

Mgeni! Nikasema sawa mwanangu, hakuna shida. Nilipokata simu nililia kwa hasira, nikazifokea hata sufuria. Tanga wakiniuliza nani anamkanda, niwajibu nini? Likizo sikuifuta, kwa sababu niliona haya kumwambia msimamizi wangu kwamba binti yangu hanihitaji. Kwa hiyo wiki zangu sita zilinikuta ndani, bado nakariri majina ya vyakula kwa ukaidi tu.

Mtoto alizaliwa Jumatano, wa kike. Ijumaa asubuhi mkwe wangu akapiga simu kutoka dukani. Mkewe anataka supu ya kuku kama ya mama yake, naye hajui anunue nini. Nikamtajia kwa Kifini, moja moja: kuku, tangawizi, pilipili manga. Nikangoja anisahihishe.

"You learned," akasema polepole.

Hapo nikakumbuka hatujasalimiana. Aibu iliyoje, kuanza na kuku hata hali ya mkwe sijaijua! "Mitä kuuluu?" nikamuuliza. Habari gani? Naye akaniambia habari yenyewe. Hajalala siku mbili. Mtoto hanyonyi vizuri. Mkewe analia, naye anaogopa kumuuliza analilia nini. Mwanamume mzima, amesimama mbele ya friji la kuku, ananieleza mimi yote haya. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mtoto atanyonya, na yeye asimuulize mkewe kitu, akae tu karibu naye. Nikasikia akivuta pumzi.

"Entä sinulle?" akauliza. Na wewe je?

Sisi hujibu nzuri kwanza, hata kama maiti iko sebuleni. Nzuri, ila tumefiwa. Nzuri, ila naumwa. Anayetujua huisubiri hiyo ila, maana ndiko habari iliko. Nami ila yangu nilikuwa nayo: nyumba kimya, mikono haina kazi, mjukuu ana siku mbili na sijamshika. Ningeweza kuisema kwa Kiingereza, na angenisikiliza. Kisha angerudi na supu amwambie mkewe, naye ana machozi yake ya kutosha.

"Hyvää," nikasema. Nzuri.

Nikaishia hapo. Naye, kwa kuwa ni Mfini, akaniamini.