Kidonge Changu Hakiinuki

Nakumbuka asubuhi moja hapa mwaloni Ujiji, mwanangu, nikiwa msichana mwenye beseni la kuazima. Mitumbwi ilikuwa inarudi na dagaa. Sisi wachuuzi sheria yetu ilikuwa moja: aliyekaa mbele kabisa, pale mtumbwi unapogusa mchanga, ndiye anayechagua kwanza. Mahali hapo palikuwa pa Bi Nyamizi miaka yote. Siku hiyo hakuja. Nikakaa.

Kesho yake alinikuta nimekaa, akanitukania mpaka ukoo. Mama Kashindi, mkubwa wetu, mama wa Kikongo asiyeogopa mtu, akamkata kauli. "Nyamizi, mchanga haukujui jina. Uliinuka mwenyewe." Halafu akanigeukia. "Na wewe usicheke. Siku utakayoinuka, yupo anayengoja."

Sikuinuka. Kwa mahali pale nimejenga nyumba mtaa wa Mwanga na kusomesha watoto, mimi niliyeishia darasa la tatu. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Basi uzeeni ikanijia saratani ya titi. Wakanikata titi, kinyama wakakipima. Daktari, binti mpole, akanieleza kwamba ndani ya ule uvimbe imo protini inayoitwa kipokezi. Homoni ya kike ikija kuikalia, protini hiyo inaziamrisha jeni, na seli za saratani zinaongezeka. Kidonge alichonipa kinawahi kukaa pale, homoni ikifika ikute pamejaa. Nikamwuliza ni kwa muda gani. Akasema kila siku, kwa miaka, maana mbegu ya ugonjwa huweza kubaki mwilini isionekane, na homoni haiachi kuja. Hapo nikamwona Mama Kashindi amesimama mbele yangu.

Dawa ile ina adha zake, sikufichi. Joto linanipanda hata mvua ikinyesha, viungo vinauma. Wifi yangu akatoka kijijini Simbo na dawa ya unga wa mizizi kwenye kitambaa, akanikuta namimina maji ya kumezea.

"Wifi, titi lenyewe walishalikata. Hicho kidonge unamnywea nani?"

"Namnywea anayengoja niinuke."

Akasema nina kiburi. Ninacho. Ndicho kilichonikalisha mwaloni, leo kinanikalisha duniani. Unga wake alirudi nao Simbo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa sikia, mwanangu. Ukigusa kivimbe, usikifiche kwa aibu, nenda kakipime. Si kila saratani ina kiti hicho cha homoni, kwa hiyo kidonge changu usikiombe, ngoja kipimo chako kiseme. Ukipewa dawa, usiiache kwa sababu umepata nafuu. Ikikutesa, kamwambie daktari, yeye ndiye wa kuibadili, si jirani. Nafuu si ruhusa ya kuinuka.

Mungu akupe miguu myepesi ya kwenda kupima, na makalio mazito mahali pa uhai wako.