Bahasha iliyoitwa "Kwetu" kwenye app yetu ya bajeti

Wakuu, salaam kwenu.

Haya yamenikuta mwenyewe hapa Moro, na sehemu zinazonichafua sijazifuta. Ukiniona mjinga ni sawa, nimeshajiona kabla yako.

Mimi ni dereva wa bajaji. Naishi Kihonda na mke wangu na watoto wawili. Yeye ni fundi cherehani, Mluguru wa huko juu Mgeta. Mimi huu mkoa nimekuja kutafuta maisha tu.

Mwaka juzi abiria wangu mmoja, mwanafunzi wa chuo pale Mazimbu, alinionyesha app ya bajeti. Unaandika hela iliyoingia, unaigawa kwenye bahasha: kodi, chakula, mboga, ada, gesi. Hela yenyewe inakaa kwenye simu ya mke wangu, app inatuambia tu ipi ni ya nini. Bahasha ikiisha, imeisha. Tukaiweka kwenye simu zote mbili.

Mimi nikaomba bahasha yangu moja: Vipuri. Bajaji haikosi ugonjwa, wenye nazo mnajua.

Kawaida nilikuwa naangalia hiyo Vipuri tu. Sasa siku moja niko kijiweni, abiria hakuna, nikateremka mpaka chini kabisa. Nikakuta bahasha imeandikwa "Kwetu". Ina laki mbili na themanini.

Kwetu wapi tena? Si ndio hapa?

Nikafungua history. Kila Ijumaa elfu nane inatoka bahasha ya Mboga inaingia Kwetu. Na mboga tunaletewa bure, mama mkwe anashusha kabichi na karoti kwa gari la mizigo. Kumbe ndio maana tunakula kabichi mpaka watoto wanalia!

Sikuuliza. Kichwani nilishaamini kuna mwanaume anajengewa maisha kwa hela yangu. Wivu ukikushika huulizi, unachunguza. Simu yake ikiita nanyoosha shingo. Nikawa napita na bajaji tupu mbele ya meza yake ya cherehani, naangalia anacheka na nani. Kila mwanaume aliyepeleka suruali kupunguzwa, kwangu alikuwa mtuhumiwa.

Wiki chache baadaye, Kwetu ilishafika laki tatu na ushee, nikafungua nikakuta sifuri.

Jioni ile ile mke wangu ananiambia, "Baba Jose, kesho napanda kumwona mama."

Nikamwambia msalimie.

Asubuhi akaondoka. Baada ya saa moja nami nikachukua bodaboda, maana bajaji ule mlima haiwezi. Wakuu, nilienda ukweni mikono mitupu, bila taarifa, hata kilo ya sukari sina. Nilikuwa naenda kufumania.

Nilichofumania ni bati.

Kando ya shamba la mama mkwe kuna vyumba viwili vya tofali za kuchoma. Mafundi wako juu wanaezeka, mke wangu chini anawapa misumari. Msimamizi ni mjomba wake, kaka wa mama mkwe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Umekuja kusaidia au kukagua?"

Nikauliza hii nyumba ni ya nani. Mzee hakuwa na haraka.

"Tofali nimetoa mimi, bati katoa mkeo. Nyumba ni ya wajukuu wa dada yangu. Huku kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, na watoto ni wa ukoo wa mama. Wewe karibu ulale, ulime, ule ushibe. Ila siku ukiondoka, unaondoka na nguo zako."

Hasira zikanipanda. Nikamvuta mke wangu pembeni, nikamuuliza anajengaje kwa siri.

"Siri gani? Ningetaka siri ningeiweka kwenye app iliyo kwenye simu yako? Na mimi nikuulize basi. Hiyo Vipuri, mwaka mzima umenunua kipuri gani?"

Wakuu, Vipuri ilikuwa ya mikeka. Ya kubeti. Kipuri nilichonunua ni plagi moja.

Akaendelea, wala hakupandisha sauti. "Ile siku uliyochukua hela ya kodi ukasema injini imekufa, fundi wako wa bajaji alikuja kwangu kupunguziwa suruali. Nikampa pole ya injini, akashangaa. Ndio wiki niliyofungua Kwetu. Siku tukitolewa vitu nje, wanangu nitawalaza wapi?"

Niliona aibu. Nikaokota nyundo nikapanda juu kwa mafundi, walau nionekane nafanya kitu.

Tuliporudi Kihonda nikahamisha yote iliyobaki Vipuri, elfu arobaini na tano, nikaitia Kwetu. Nilidhani atafurahi. Kesho yake nikakuta ameirudisha, na maelezo juu: "Hii ya mikeka usiichanganye na nyumba ya wanangu."

Nilichojifunza ni kile cha wahenga, nyani haoni kundule. Miezi yote namchunguza mtu ambaye alishamaliza kunichunguza, tena bila kunifuata na bajaji.

Tangu siku ile sijabeti. Mnaweza msiamini, hata yeye haamini. Nyumba imeshaezekwa, mlango umeshawekwa, lakini kila Ijumaa nikifungua app naona elfu nane imeingia Kwetu.

Wakuu mliowahi kuvunja imani nyumbani mkaaminiwa tena, karibuni mnisaidie. Bahasha kama hii huwa inaacha kujazwa lini?