Saumu Yangu na Mayai ya Mbu

Jamani, bora mnicheke mkijua kisa chenyewe. Kazi yangu ni kufuga mbu kwenye maabara moja hapa Likombe. Ni mbu safi wasio na malaria, nami huwaingizia mkono kizimbani waninyonye damu, kisha watage.

Ramadhani hii niliogopa kwamba kunyonywa damu mchana kutabatilisha saumu yangu. Kimyakimya nikawawekea maji ya sukari tu. Wakaruka wazima kabisa, lakini bakuli la kutagia likabaki jeupe, yai hata moja hakuna.

Mbu wameshiba sukari, mayai yakosekane vipi? Nikajua nimeibiwa mayai. Na nani kama si Zuhura, mwenzangu wa kizimba cha pili, ambaye bakuli lake lilikuwa jeusi kwa mayai? Akicheka, najua ananicheka mimi. Akinyamaza, najua anapanga. Jana nikamshitaki kwa mkuu wetu, Daktari Asha, Zuhura mwenyewe akiwepo.

Daktari akapasua mbu wangu mmoja, akamtazama kwa hadubini.

“Huyu hajaibiwa kitu. Mayai hayajaanza hata kukua. Jike asiponyonya damu, ubongo wake hautoi homoni ya kuyakomaza. Unawalisha kweli?”

“Kila siku, Daktari! Wallahi!”

Zuhura akapandisha mkono wa baibui, akaulaza mezani mkono wake uliojaa vipele.

“Mimi nawalisha nikishafuturu, kaka,” akasema. “Hebu weka na wako hapa.”

Nikauweka. Ulikuwa laini kama wa bibi harusi.