Shemeji alinishtaki akidai matunzo ya mtoto aliyekwisha kuasiliwa, na nimeshinda

Wakuu, mwangaluka!

Nianze na ujinga wangu, maana akiusimulia mtu mwingine atautia chumvi.

Mwanangu alipoasiliwa na baba yake wa kambo, niliacha kutuma hela ya matunzo mwezi ule ule, nikarudi kwa vifaranga wangu. Mahakamani sikwenda kumwambia yeyote. Nilidhani mahakama zinapeana umbea kama sisi huku Bariadi.

Hazipeani.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza kitu. Labda ujasiri kidogo.

Mimi siyo mtu wa kutoka. Natotolesha vifaranga kwa mashine, chumbani kwangu, cheti changu cha form four kikiwa kabatini. Nikifika sokoni watu wanauliza kuna msiba gani.

Huyo mwanangu, Kabula, nilimzaa na mwenzangu, hatukuoana. Mahakama ya hapa mjini ikaniamuru nitoe matunzo kila mwezi. Mama Kabula alikuwa anaishi Dutwa kwa kaka yake, hivyo hela ikawa inapitia simu ya huyo kaka. Namwita shemeji, ingawa mahari sikutoa hata mkia wa ng'ombe.

Baadaye mama Kabula akaolewa Kahama na bwana mmoja mstaarabu kuliko mimi. Bwana akaomba kumuasili mtoto. Nikaridhia, Mahakama Kuu ikapitisha. Nililia kidogo bandani, kuku wakinitazama.

Kisha ikaja samansi. Shemeji anadai malimbikizo yote tangu nilipoacha kutuma, na anaomba mashine yangu ikamatwe. Mashine imejaa mayai ya wateja!

Nikampigia mama Kabula.

"Hee! Kaka anajifanya hajui? Si alikula pilau ya sherehe ya kuasiliwa hapa kwangu, akabeba na nyingine!"

Akanitumia kwa basi nakala ya amri ya kuasili, yenye muhuri.

Siku ya kesi nikaazima koti. Shemeji akaongea kama wakili: mtoto anateseka, mtoto hana viatu. Hakimu, mama mtaratibu, akamuuliza:

"Mtoto anaishi wapi sasa?"

"Kahama, mheshimiwa. Kwa baba yake."

"Baba yake yupi?"

Shemeji akaniangalia mimi. Akaangalia dari. Mzee mmoja nyuma akacheka mpaka akakohoa.

Nikatoa nakala. Hakimu akasoma, akasema tangu siku ya kuasiliwa wajibu ulihamia kwa baba mpya. Malimbikizo hakuna, amri ya zamani imefutwa. Na mimi nikapata langu: "Wewe nawe ungekuja mapema, tusingepotezeana muda."

Sawa mheshimiwa!

Nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara kama mbunge aliyepita bila kupingwa. Mashine ipo, inanguruma. Na Kabula bado ananipigia kila Jumapili, anataka picha za vifaranga.

Funzo: mtoto akiasiliwa wajibu wako unaisha, ila amri ya matunzo usiiache ikining'inia. Beba nakala, nenda mahakama iliyoitoa, omba ifutwe. Usijifungie na kuku.

Mliopitia haya tupeni yenu hapa chini. Wanasheria nirekebisheni taratibu, hakimu ameshanitosha.

Jioni ile niliwanunulia majirani soda. Mama Masunga wa nyumba ya pili akapokea yake, akapiga funda, akaniambia:

"Baba Kabula, sijawahi kuona mwanaume anagawa soda kwa kuambiwa mtoto siyo wake tena."