Mwalimu Yotham alihamia Nyakitonto kwa uongo wangu

Bado haijaniingia akilini. Jumamosi tumemzika Mwalimu Yotham kwao Busunzu, na mimi nikapost picha yake na mshumaa kama wenzangu. Leo nimeifuta. Naomba niseme ukweli.

Mnaonifuata hapa mnanijua kama Madam wa fizikia, mwenye tuisheni na duka la vifaa vya shule Kasulu mjini. Hiki kituo cha kazi cha mjini kilikuwa chake.

Tulisoma chuo pamoja, wote fizikia. Yeye akapangiwa mjini, mimi Nyakitonto, kijijini. Mwaka wa kwanza tu nikaona maisha yananipita. Kule nani atalipia tuisheni? Mzazi anakuletea maharage na shukrani.

Nikatafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Walimu mnajua ilivyo: unaweka tangazo kwenye magroup, kila mtu anataka mjini, kwako hataki mtu.

Ndipo nikampigia Yotham. Nikamwambia vumbi la kule limenishika kifua, daktari kanishauri nihame. Nilikohoa kwenye simu. Jamani, nilikohoa kabisa.

Hakuuliza cheti. Wiki ile ile akasaini fomu ya uhamisho, na kibali kilipotoka akafunga godoro lake kwenye bodaboda akaenda.

Nilidhani atanilaumu. Badala yake akawa ananitumia picha: wanafunzi wake wako mteremkoni, wanapima mwendo wa baiskeli iliyobeba ndizi kwa saa ya simu yake. Mwenye baiskeli anacheka kuliko wote.

Shirika moja la kwenye kambi ya wakimbizi likamwita kazini, mshahara mara tatu. Akakataa, eti Form Four wake hawajamaliza mada ya umeme. Nilimcheka. Nikamwambia wito haulipi ada, kaka. Naye akacheka, kisha akauliza, "Kifua kinaendeleaje, Madam?"

Kila simu aliuliza hivyo. Miaka minne. Nami kila simu nilijibu afadhali kidogo.

Homa ya siku tatu ikamchukua.

Msibani mama yake, ambaye Kiswahili anakiongea kwa kukitafuta, alinishika mikono yote miwili. "Ni wewe mwalimu mgonjwa wa kifua? Yotham alitwambia tukuombee. Tunakuombea kila Jumapili, mwanangu."

Nikasema asante mama. Nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya maziko akasimama headmaster wa Nyakitonto, aliyekuja na wanafunzi kwenye Fuso. Akasema shule haina tena mwalimu wa fizikia na mtihani uko karibu, kama kuna mwalimu aliye tayari amwone. Walimu tulikuwa wengi pale. Wa fizikia nilikuwa peke yangu, na yeye alijua. Nikainama nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Kifua changu ni kizima. Hakijawahi kuuma.

Tangu Jumamosi nawaza kurudi kule. Halafu nawaza duka, nawaza nyumba ninayojenga, kuta zimeshafika kwenye lenta, nabaki nilipo. Najionea aibu, na bado nabaki.

Yotham kaka yangu, ningeweza kumalizia kwa kukuahidi kwamba kesho najaza fomu. Watu wangenimwagia makopakopa hapa. Siahidi kitu, nimeshakudanganya vya kutosha. Lala salama, Mwalimu. Unisamehe kwamba nimengoja mpaka usiweze kunisikia.