Mwalimu Aliyemfundisha Mbah Sanwirya Kusema

Bu Turyati, yaani Mama Turyati, ana miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye baraza la ofisi ya kijiji chetu, akiwasemesha watoto ambao hawajafikia umri wa shule. Husema mfululizo. Akimvua mtoto ndara atamwambia anamvua ndara, ya kushoto kwanza, ina tope, na tope hilo limetoka wapi? Mimi huwapikia watoto hao uji wa choroko, mwaka wa kumi na moja huu, na kusema kweli mwalimu huyu ananichosha.

Ana vitabu saba. Viwili vililiwa na panya kurasa za mwisho, kwa hiyo watoto humalizia hadithi wenyewe, na kila mara mtu analiwa na chui. Vitabu vikiisha huwasomea maandishi ya mfuko wa saruji. Mkaguzi mmoja kutoka mjini aliwahi kumuuliza mpango wake wa masomo uko wapi. Akamwonyesha mfuko.

Mwaka juzi aliletwa Nastiti, miaka mitatu na nusu, hana hata neno moja. Mama yake, Rumiyah, yuko Taiwan akimtunza mzee wa watu. Mtoto analelewa na babu yake mzaa mama, Mbah Sanwirya (kwetu mbah ni babu), mgane, mgema wa minazi, mtu ambaye kwa siku hutumia maneno kama sita, na mawili ni ya kufukuza kuku. Rumiyah alikuwa amekata shauri kwa simu: Idi ikipita mtoto hasemi, atapelekwa kwa shangazi yake mjini Bekasi. Mbah, ambaye hana mtu mwingine nyumbani, alijibu, "Haya."

Tulifanya tulichojua. Nilimsugua ulimi kwa pete yangu ya dhahabu Ijumaa tatu, kama tulivyosuguliwa sisi sote ili tuseme. Pete iling'aa. Zahanati wakampima masikio, wakasema ni mazima.

Basi Bu Turyati akamfuata Mbah nyumbani, nami nikaenda kwa kisingizio cha kununua sukari guru yake, maana jambo kama hilo sikosi. Tulimkuta jikoni anakoroga karai la maji ya mnazi yanayochemka kuwa sukari. Nastiti amekaa juu ya maganda ya nazi. Darini zimening'inia tundu mbili za ndege.

"Mbah, huyu mjukuu huwa unamwambia nini?"

"Nimwambie nini? Hajibu."

"Na yule kinda, mbona umemtundika karibu na ndege mkubwa?"

Hapo uso wa Mbah ukachangamka. "Anajifunza kuimba. Sharti amsikie fundi kila siku, asubuhi na jioni. Miezi sita, pengine minane. Ukimharakisha unamharibu."

"Na miezi yote hiyo huwa anakuimbia?"

"Aimbe nini, Bu, na hajasikia vya kutosha?"

Bu Turyati akamgeukia Nastiti pale kwenye maganda. Mbah akamtazama kinda, akamtazama mtoto, mwiko ukasimama, sukari ikaungua.

"Sijui pa kuanzia," akasema taratibu.

"Anza na karai. Mwambie unachofanya. Karai likiisha utapata lingine."

Mbah alianza kama shahidi mahakamani. "Ninakoroga. Bado ninakoroga." Mtoto akawa anamtazama mdomo. Mwezi wa pili Mbah akahamia kwenye minazi, upi mvivu, upi ulimwangusha. Mwezi wa nne nilikuwa nikipita pale namsikia anaongea hata moto umeshazimika, kwa sauti ya chini, na akiniona anafunga mdomo. Sikuuliza. Nilitaka sana kuuliza.

Wiki mbili kabla ya Ramadhani, Nastiti alionja uji wangu, akasema, "Moto."

Nililia, wala sioni haya. Bu Turyati akasema, "Ndiyo, uji ni wa moto, tuupulize," akaendelea kama kawaida.

Kufika Idi mtoto alikuwa anatuchosha kama mwalimu wake. Taabu ni simu. Kila ikilia alikuwa anabana mdomo, na Rumiyah hakuwa ameamini neno letu. "Mnanifariji tu," alisema. Begi la Bekasi lilikuwa limeshafungwa.

Asubuhi ya Idi tulikwenda kwa Mbah kuombana radhi, kama inavyotakiwa. Rumiyah akapiga, uso wake ukajaa kwenye simu.

"Bapak, baba yangu, nisamehe makosa yangu yote, ya wazi na ya moyoni."

"Haya," alisema Mbah.

"Siyo," akasema Nastiti.

Sote tukageuka.

"Siyo, Mama. Mbah anasema kosa lake. Anasema yeye ndiye alikwambia nenda. Ulikuwa unalia mlangoni, ukasema sitaki, yeye akasema nenda. Anasema hivyo kila siku. Anasema angekushika mkono usiende."

Nilitazama sakafu. Mbah alikuwa amesimama, mikono inaning'inia, machozi yanaingia kwenye masharubu.

Kule Taiwan Rumiyah akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Nasti," akasema. "Hebu niambie tena."

Nastiti akairudia yote, tangu mlangoni, na Mbah hakumzuia.