Mwanamke Aliyetoweka Pichani

Miaka hiyo nilikuwa fundi wa fremu ughaibuni, mjini Ghubra, mikono kazini, moyo Tanga. Bi Zuwena alituletea mchoro wa zamani: watu watatu juu ya mwamba, mwanamke mmoja pembeni, wametugeuzia migongo, wanatazama bahari. Nami nikatazama nao, huku nikikata kadi ya kuzungushia picha. Otieno, mwenzangu, akaitia kwenye fremu.

Kesho yake nikahesabu: watu wawili! Nikamshuku Otieno. Mbona aliisifu mno? Bila shaka ameuza halisi, akatuwekea nakala.

"Otieno, yule mwanamke umempeleka wapi?"

"Nimemuoa. Kwani wewe ndiye kaka yake?"

Mzaha ule ukanizidishia shaka. Bi Zuwena alipofika, nikamshtaki Otieno mbele yake kwa arbabu, tajiri wetu. Arbabu akashika simu amfutie viza.

"Ngoja kwanza," akasema Bi Zuwena. "Nna macho mie. Ifungueni."

Arbabu akaifungua, akainua kadi. Mwanamke alikuwa pale pale, ukingo wa kadi ulimfunika mzima.

"Kadi hii kaikata nani?"

Otieno akanitupia jicho. "Tumeikata sote, bosi."

Bi Zuwena hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.